Bazuka ya watu wawili, na mtu wa tatu

Najua nimekuwa kimya tangu wiki ya majaribio, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimenaswa na sapu. Bado, Mungu mkubwa. Kilichonichelewesha ni kazi ya kozi yetu ya historia ya vita. Mwalimu alisema kila mtu achague silaha moja, aeleze ilikotoka, halafu aeleze kitu ambacho vitabu vingi vinakiruka: watu walifundishwaje kuitumia bila kujiua wenyewe. Wenzangu wengi wakakimbilia AK-47, maana desa zake zimejaa kila kona. Mimi nikachukua ile ambayo sisi mtaani tunaiita bazuka, lile bomba la kubeba begani la kupigia vifaru. Kazi nimeshakabidhi, lakini kurasa 10 za chuo zilinibana sana. Kuna jambo lilinikaa rohoni ambalo halikupata nafasi pale, ndo naliweka hapa. Kaeni mkao wa kula.

Kwanza tuelewane kwenye jina. Bazuka yenyewe, ile halisi, ilikuwa bomba la roketi la Wamarekani la mwaka 1942. Ninayoizungumzia leo ni ndugu yake, mzinga usiopiga teke. Wale mliopita JKT mnalijua teke la bunduki. Ukiishika vibaya bega linavimba, na afande anacheka. Sasa fikiria risasi kubwa ya kutoboa chuma cha kifaru, teke lake lingekuwaje? Ndiyo maana mizinga ya kawaida ya kupiga vifaru ilikuwa mizito kupita kiasi. Ule wa Waingereza wa vita vya pili, waliouita wa pauni 6, ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja, ukavutwa kwa gari na kusukumwa na watu kadhaa. Askari wa miguu hawezi kutembea na tani moja kwenye matope. Kwa hiyo swali lilikuwa hili: utampaje mtu wa miguu nguvu ya mzinga bila kumpa teke la mzinga?

Jibu la kwanza lilitoka kwa ofisa wa jeshi la maji la Marekani, Cleland Davis, miaka michache kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Ukiisikia akili yake utacheka, maana ni rahisi mno. Alichukua mitutu miwili akaiunganisha mgongo kwa mgongo. Mbele inatoka risasi, nyuma unatoka mzigo wenye uzito uleule, ambao ulikuwa grisi iliyochanganywa na gololi za risasi. Teke la mbele na teke la nyuma vinauana, mzinga unatulia. Walitaka kuufunga kwenye ndege ili zipige nyambizi na yale maputo makubwa ya Wajerumani. Shida unaiona mwenyewe. Yeyote aliye nyuma anaoga grisi na vyuma.

Baadaye mafundi wakagundua kuwa si lazima urushe grisi. Gesi ya baruti yenyewe ukiiachia itoke nyuma kwa kasi kubwa, kupitia mdomo uliobanwa kisha ukapanuka kama tarumbeta, inatosha kufuta teke. Wajerumani waliteremka na mizinga ya namna hii, ya milimita 75, pamoja na askari wao wa miamvuli kule Krete Mei 1941. Wamarekani wakaja na zao za milimita 57 na 75 mwaka 1945, vita ikiwa inaishia.

Naomba mlishike hili la gesi, maana hadithi yote iliyobaki imekaa hapo. Fundi hakuliondoa teke, alilihamisha tu. Zamani lilikuwa linaingia kwenye bega la mpigaji na magurudumu ya mzinga. Sasa linaingia hewani, na hewa hiyo wanaivuta watu waliosimama pale.

Vita ya Korea ilionyesha kwamba kuwa na bomba si kuwa na silaha. Tarehe 5 Julai 1950, karibu na mji wa Osan, kikosi cha Wamarekani wapatao 540 kilichoitwa Task Force Smith kilikutana na vifaru 33 vya T-34 vya Korea Kaskazini. Kilikuwa na mizinga miwili isiyopiga teke ya milimita 75. Wakavipiga vifaru vilipofika kama yadi 700, wakavilenga na kuvipata, vifaru vikaendelea kutembea kama vimerushiwa maembe. Luteni mmoja, Ollie Connor, aliingia mtaroni na bazuka ya zamani ya inchi 2.36 akavirushia vifaru roketi 22 kwa karibu sana, tena kwa nyuma ambako chuma ni chembamba. Havikusimama. Watu wa historia wanagombana mpaka leo kama tatizo lilikuwa udogo wa silaha, uchakavu wa risasi, au wale vijana waliotolewa kwenye kambi za Japani ambako mazoezi yalikuwa ya kubabaisha. Mimi nadhani yote matatu. Ila majeshi yalitoka pale na somo moja la haraka: tengeneza bomba kubwa zaidi, na wafundishe watu kulipiga kweli, kwa risasi za kweli.

Bomba lililokuja kuwa maarufu kuliko yote lilikuwa limeshatengenezwa Sweden mwaka 1948. Linaitwa Carl Gustaf, kutokana na kiwanda cha bunduki cha Carl Gustafs stad kule Eskilstuna. Upana wa mtutu ni milimita 84, na ndani una mifuo kama bunduki. Toleo la kwanza lilikuwa na kilo zipatazo 16. La pili lilikuja mwaka 1964, la tatu 1991, na la nne la mwaka 2014 halifiki kilo 7. Kuna silaha chache zilizoishi miaka zaidi ya 75 zikiwa bado kazini. Na si vifaru tu ilivyopiga. Tarehe 3 Aprili 1982 kule Grytviken, kisiwa cha South Georgia, wanamaji wa Uingereza wasiozidi dazeni mbili chini ya Luteni Keith Mills waliipiga kwa Carl Gustaf meli ya kivita ya Argentina, Guerrico. Meli nzima, jamani, kwa bomba la begani!

Sasa tuje kwenye mafunzo. Carl Gustaf ni silaha ya watu wawili. Mmoja anaitwa mpigaji, mwingine mpakiaji, na mimi nilidhani mpakiaji ni mbeba mizigo tu. Kumbe usalama mwingi uko mikononi mwake. Yeye ndiye anayefungua mdomo wa nyuma na kuuzungusha pembeni, anaingiza risasi, anahakikisha alama iliyokatwa kwenye ukingo wa ganda imekaa mahali pake (risasi hii huwashwa kwa ubavuni, si kwenye kitako kama ya bunduki), anafunga. Mdomo usipofunga sawasawa, silaha inakataa kulia. Kitako cha ganda kina kisahani cha plastiki ambacho kinashikilia kwa sekunde ndogo sana mpaka mgandamizo upande, kisha kinavunjika vipandevipande na gesi inatoka nyuma. Mpakiaji anajua yote haya. Halafu kabla ya kumpa mwenzake ishara anageuka kuangalia nyuma, anapaza sauti kwamba nyuma hakuna mtu. Kwenye majeshi mengi kauli hiyo ni ya lazima hata kama mko jangwani na nyuma yenu kuna mchanga tu hadi mwisho wa macho. Unaisema ili siku ukiwa umechoka mdomo uiseme wenyewe.

Hao wawili wakizoeana wanaweza kupiga mara sita kwa dakika. Mpigaji hageuki, macho yake yako kwenye darubini, anamwamini mwenzake kwa kila kitu kinachotokea nyuma ya sikio lake. Nimesoma maelezo mengi ya kwata hii, na kinachorudiwa kuliko kulenga, kuliko kupiga, ni *nyuma*. Eneo la hatari ni pembe inayopanuka kuelekea nyuma kwa makumi ya mita. Ndani ya eneo hilo kuna moto, kuna vipande vya kile kisahani, kuna mawe yanayorushwa. Mpigaji akilala chini hawezi kunyoosha miguu kama anayepiga bunduki. Lazima aipeleke pembeni, vinginevyo anaunguza miguu yake mwenyewe. Huruhusiwi kupiga ukiwa na ukuta nyuma yako, wala ukuta wa udongo wa handaki, maana gesi inagonga inarudi. Na kupiga ndani ya chumba ni kujitafutia kaburi.

Lakini vita haisomi masharti. Februari 1968, kule Hue, Vietnam, Wamarekani walikuwa wanapigana nyumba kwa nyumba. Walikuwa na mzinga mkubwa zaidi wa familia hii, M40, unaoitwa wa milimita 106. (Kiukweli ni 105. Waliuongezea moja kwenye jina ili watu wasichanganye risasi zake na za mzinga mwingine uliotangulia. Jina lenyewe ni hatua ya usalama! Nilipenda sana hiyo.) Juu yake kuna bunduki ndogo ya kulengea. Mpigaji anatangulia kupiga risasi ya mwanga, akiona imegonga panapotakiwa ndipo anaachia kubwa. Sasa kampuni moja ya wanamaji ilikuwa imejibanza ndani ya majengo ya Chuo Kikuu cha Hue. Ng'ambo kulikuwa na bunduki ya rashasha inayowazuia, na hapakuwa na pembe nyingine ya kuipiga. Wakauingiza mzinga ndani ya chumba cha chuo. Wakafunga kamba ndefu kwenye kifyatulio, wote wakatoka wakajificha, wakavuta kamba. Rashasha ikanyamaza, na chumba nacho kikaharibika vibaya. Kapteni wao, Ron Christmas, aliandika habari hizo baadaye kwa utani fulani wa kijeshi. Ameandika pia kwamba lile vumbi la nyuma ya mzinga, ambalo kwenye mafunzo ni adui, wao walilitumia kama pazia la kuvukia barabara.

Ile kamba ndiyo iliyonifanya nisimamishe kusoma nitembee kidogo. Wale watu walijua kabisa kwamba hewa ya chumba kile itaua. Hawakuhitaji daktari wa kuwaambia. Kwa nini basi hewa ileile ikiwa nje, uwanjani, ikionekana imetawanyika, ihesabiwe kuwa haina kitu?

Kabla sijafika huko, kuna aliyeniuliza kama mambo haya yanatuhusu huku. Yanatuhusu. Ule mzinga wa Kimarekani wa milimita 75 Wachina waliunakili wakauita Type 52, na katika orodha za kimataifa za silaha, Tanzania imetajwa miaka mingi kuwa nazo. Kenya imetajwa kuwa na Carl Gustaf. Kwa hiyo kuna watu wa kwetu, wajomba na baba zetu, waliopiga magoti pembeni ya mabomba haya.

Kwa miongo mingi, ukiondoa moto wa nyuma, kiungo pekee kilichotambuliwa na masharti kilikuwa sikio. Vizibo ndani, vifuniko juu yake, mara mbili. Na hata hiyo haikuwa mapema. Baba yangu mdogo alikuwa askari, na miaka yake ya mwisho kazini alikuwa mkufunzi wa silaha nzito. Ukikaa naye unapaswa kukaa upande wa kulia, maana wa kushoto hausikii kitu. Hajawahi kulalamika, anasema sikio ni kodi ya kazi. Nilipompigia simu kwa ajili ya kazi hii nilimuuliza, baba mdogo, wewe ulipiga mizinga mingapi? Akasema kupiga alipiga michache. *Kusimamia* ndo hana idadi.

Jibu hilo liligeuza kazi yangu yote juu chini. Vitabu vinasema watu wawili. Kwenye uwanja wa shabaha wapo watatu.

Tufanye hesabu ya darasa la tano. Tuseme wamekuja makuruta 20, na kila mmoja anatakiwa kupiga mara 2. Kuruta anakuwa mpigaji mara 2 na mpakiaji wa mwenzake mara 2, jumla mishindo 4, anaenda kula. Mkufunzi amesimama hatua moja kutoka kwa kila mmoja, ameshika bega la kila mmoja, amepokea mishindo 40. Wiki ijayo linakuja kundi jingine. Kuruta anasimulia siku ile maisha yake yote. Kwa mkufunzi ni Jumanne ya kawaida.

Je, mishindo hiyo inafanya nini kwenye kichwa? Hapa lazima niwe mwangalifu, maana sisomi udaktari, na watu wa udaktari wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden wakiongozwa na Annette Säljö walichapisha kazi ambayo waliweka nguruwe waliopigwa nusukaputi katika mazingira ya mshindo kama wanaopata askari: wa mzinga mkubwa, wa bomba la begani, wa bunduki. Walikuta mgandamizo umeingia ndani ya ubongo, na baadhi ya nguruwe walikuwa na michirizi midogo ya damu kwenye ubongo. Tena mshindo huo ulikuwa wa viwango vya mazoezi, si wa bomu la vitani. Mtu angesema basi, imekwisha, tufunge mjadala. Lakini mwaka 2011 Wasweden wengine, Kaj Blennow na wenzake, walichukua maji ya uti wa mgongo ya wanajeshi waliokuwa wamepiga silaha nzito na kulipua milipuko, wakatafuta zile protini zinazovuja ubongo ukiumia. Hawakuzikuta.

Nchi ileile, na majibu mawili. Na si lazima mmoja awe mwongo. Nguruwe si mtu, na maji ya uti wa mgongo yanaonyesha jeraha la siku zile. Hayawezi kukuambia miaka 15 ya Jumanne za mkufunzi itamfanya nini. Marekani nako, timu ya Daktari Daniel Perl ilichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa bongo za wanajeshi waliofariki waliokuwa wamewahi kukumbwa na milipuko, ikakuta makovu ya aina yake kwenye mipaka ya tishu za ubongo, mahali ambapo wimbi la mgandamizo hupita kutoka kitu laini kwenda kitu cha uzito mwingine. Hao walikuwa watu wa milipuko ya vitani, si wa viwanja vya shabaha, kwa hiyo mtu asinukuu vibaya. Ila ilionyesha kwamba wimbi lina alama yake.

Kilichoniudhi ni kile kilichotokea kwenye vipimo. Profesa David Borkholder wa chuo kikuu cha Rochester Institute of Technology alitengeneza, kwa fedha za shirika la utafiti la jeshi la Marekani DARPA, kidude kidogo cha kurekodi mgandamizo. Askari anavaa vitatu: kichwani, begani, kifuani. Mwaka 2011 vikaanza kutumwa Afghanistan. Nia ilikuwa kujua nani amekumbwa na bomu la barabarani. Vikaanza kuonyesha jambo ambalo hakuna aliyekuwa analitafuta: vinalia hata siku isiyo na adui, siku ya mazoezi, kwa sababu ya silaha zao wenyewe. Ukidhani basi wataviongeza, hapana. Mwaka 2016 ikajulikana kwamba jeshi limeviweka kando. Hoja ilikuwa kwamba takwimu zake hazijaweza kusema nani ameumia na nani mzima. Hoja hiyo ina mantiki yake, nakubali. Lakini utajuaje mshindo wa ngapi ndo unaumiza kama umeacha kuhesabu mishindo? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa takwimu angewaambia hilo.

Bunge la Marekani likawalazimisha. Sheria ya ulinzi iliyopitishwa mwishoni mwa 2017 iliagiza utafiti wa muda mrefu wa kufuatilia askari na mgandamizo wanaoupata, mazoezini na vitani. Mwaka 2018 kituo kimoja cha utafiti cha Washington, CNAS, kikatoa taarifa iliyozitaja wazi silaha za begani, Carl Gustaf ikiwemo, kuwa ni mahali ambapo mpigaji anaweza kupata mgandamizo mkubwa kwenye zoezi la kawaida kabisa. Wakashauri idadi ya kupiga ihesabiwe na ipunguzwe, na kofia zitafutiwe dawa. Wapimaji wakarudi uwanjani na vile vidude, na utafiti uliochapishwa 2023 ukaonyesha tena kwamba silaha za begani ziko kwenye kundi la juu.

Halafu Agosti 2024 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikatoa masharti yake. Kiwango cha kuanza kuchukua tahadhari ni mgandamizo wa pauni 4 kwa inchi ya mraba, yaani kilopaskali 28 hivi. Wanaojiunga wapimwe kumbukumbu na kasi ya kufikiri mapema, ili baadaye kuwe na kitu cha kulinganisha. Asiyekuwa na kazi karibu na silaha akae mbali. Nilifurahi, mpaka nilipokwenda kutafuta hiyo pauni 4 imetoka wapi. Imetoka kwenye sikio! Ni kiwango kilichokuwa kinatumika siku nyingi kulinda ngoma ya sikio isipasuke. Yaani kwa ajili ya ubongo tumeazima kipimo cha sikio, kwa sababu cha ubongo wenyewe hakijapatikana. Si kosa, lazima uanzie mahali. Ila ukiiona namba imeandikwa kwenye waraka wa serikali unaweza kudhani imetoka kwa Mungu.

Mtu atasema, acheni basi kupiga mazoezini. Mimi siungi mkono, na sababu yangu ni Osan. Mpigaji ambaye siku ya kwanza kusikia mshindo ni siku kifaru kinakuja, atasahau kugeuza miguu, na mpakiaji wake atasahau kuangalia nyuma, na kuna mwenzao nyuma. Njia ya katikati ipo na ni ya zamani kuliko nilivyodhani. Kwenye Carl Gustaf unaingiza ganda la bandia lenye mtutu mdogo ndani yake, unapiga risasi ya milimita 7.62 yenye mwanga. Kufungua, kupakia, kufunga, kupaza sauti, kulenga, vyote ni vilevile, isipokuwa mshindo. Makuruta wanaweza kurudia mara 50 kwa bei ya karanga, kisha wakapiga kubwa moja wakiwa wameshajua kila kidole kinakaa wapi. Hesabu ya mkufunzi inashuka kutoka 40 hadi 20 kwa siku, na hakuna aliyefundishwa vibaya.

Na mafundi nao wamerudi kwa mzee Davis. Ndugu mdogo wa Carl Gustaf, AT4, ana toleo la kupigwa ndani ya nyumba ambalo nyuma linarusha maji ya chumvi. Maji yanabeba teke badala ya gesi, kisha yanatawanyika hewani. Wajerumani walifanya kitu cha aina hiyo miaka ya 1970 kwa silaha yao ya Armbrust, wao wakitumia vipande vya plastiki. Grisi na gololi za kabla ya 1914, plastiki, maji ya chumvi, wazo ni lilelile. Wale wa Hue wangekuwa nalo, kile chumba cha chuo pengine kingebaki na dari.

Nilimpelekea baba mdogo maelezo ya yale masharti ya 2024, nikamtafsiria kwa simu, nikiongea kwa sauti mpaka jirani wa bweni akagonga ukuta. Aliposikia kwamba kuna daftari litakaloandikwa mishindo ya kila mtu akauliza swali moja: na la mkufunzi wanaliandika siku ngapi, siku ya mafunzo tu au tangu alipoanza kazi? Nimelitafuta jibu hilo kwenye nyaraka nilizonazo kwa siku tatu. Kwa wanaoanza leo, wataandikwa tangu mwanzo. Kwa waliosimama pale miaka 20 kabla ya daftari, ukurasa uko mtupu.

Basi wadau, pindi la saa nane linaniita, na bumu bado halijaingia, kwa hiyo anayekwenda kantini anikumbuke.